Mabadiliko ya tabianchi Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila msimu kwenye mikutano ya vijiji, kwenye maduka ya pembejeo na kwa maofisa ugani wa kanda ya kati. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayomhusu mtu mmoja mmoja. Jibu likitegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Hali ya hewa na tabianchi si kitu kimoja?

Hapana. Hali ya hewa ni ya leo na kesho: jua, upepo, wingu lililopita bila kunyesha. Tabianchi ni wastani wa hayo yote kwa muda mrefu, na kawaida huhesabiwa miaka 30. Kwa hiyo msimu mmoja mbaya hauthibitishi kwamba tabianchi imebadilika, na mmoja mzuri haukanushi. Kinachoangaliwa ni mwelekeo wa misimu mingi ikipangwa pamoja.

2. Dodoma imekuwa kame tangu enzi za mababu. Kipya ni nini?

Ni kweli, ukame si mgeni hapa. Wazee wa Kigogo wana majina ya njaa zilizopita, na inayotajwa sana ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Ile haikuletwa na mbingu peke yake. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalichukua nafaka, mifugo na vijana, kisha mvua zikakosa. Ni vizuri kulikumbuka hilo, kwa sababu ukame huwa njaa pale ghala linapokuwa tupu na mikono ya kulima haipo.

Mkoa hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kipya ni joto linalozikuta mvua hizo. Dunia nzima imepanda zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi kulinganisha na kabla ya viwanda, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa mwaka kupita nyuzi 1.5. Hewa yenye joto hunyonya maji zaidi kutoka kwenye udongo, majani na mabwawa, na pia hubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi 1. Mvuke huo ukishuka, hushuka kwa nguvu. Matokeo yake shambani ni vipindi virefu vya jua katikati ya msimu, kisha dhoruba ya saa moja inayoondoka na udongo.

Hivyo swali la kujiuliza Dodoma si "imenyesha kiasi gani" tu. Jiulize pia: katika hiyo iliyonyesha, iliyobaki shambani ni ngapi? Majibu mengi hapa chini yanazunguka hapo.

3. Anayesababisha ni nani, sisi na mkaa wetu au wenye viwanda?

Sehemu kubwa inatokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa duniani tangu karne ya 19. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na kaboni dayoksaidi sehemu 280 hivi katika kila milioni. Sasa imepita 420. Mchango wa Afrika yote kwa mwaka hauzidi asilimia 4 hivi ya gesi hizo.

Lakini mkaa si suala la bure. Kukata miti ya Chemba au Mpwapwa hakutapandisha joto la dunia kwa kiasi cha kupimika. Kutakachofanya ni kuufanya mlima uliokatwa ushindwe kushika maji mvua ikinyesha, na hasara hiyo inabaki hapa hapa. Ndiyo maana majibu ya 15 na 16 yanafaa hata kwa mtu asiyejali kabisa habari za dunia.

4. Dodoma inageuka jangwa?

Hapana. Jangwa halina mvua ya kuotesha mtama, Dodoma inayo. Ardhi inachoka, hilo ni jambo jingine, na linarekebishika. Kondoa ilionyesha hivyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika vibaya kwa makorongo. Nyasi na vichaka vilirudi. Wafugaji walilipa gharama kubwa kwa uamuzi ule, na wapo wanaoulalamikia hadi leo kwa haki, ila kuhusu uwezo wa ardhi kupona, jibu lilipatikana.

## Mvua na utabiri

5. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikisema "wastani hadi chini ya wastani", nifanye nini?

Kwanza jua maneno hayo yana vipimo. "Wastani" kwa TMA ni kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ya kawaida ya eneo. Kwa sehemu inayopata milimita 560, wastani ni popote kati ya 420 na 700. Nafasi hiyo ni pana: mwenye mahindi atalia kwenye 420, na wa mtama atavuna.

Pili, utabiri wa msimu kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua hutolewa mwishoni mwa Oktoba hivi, nao unazungumzia kanda, si kijiji chako. Utumie kuamua mambo makubwa: mbegu ipi, ekari ngapi za zao gani, uuze au ubakize gunia ngapi. Kwa siku ya kupanda au kupalilia, fuata utabiri wa siku 10 na ule wa kila siku.

Ukisikia "chini ya wastani", punguza mahindi hadi sehemu za bondeni tu, ongeza mtama na uwele, na usiuze akiba ya chakula kabla ya Machi.

6. El Niño ikitangazwa, na sisi tujiandae kwa mafuriko?

Jiandaeni, lakini msiiamini kama ahadi. El Niño ni kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, na athari yake Afrika Mashariki huwa kubwa zaidi mikoa yenye vuli. Dodoma, ambayo mvua zake zinakolea Desemba hadi Machi, uhusiano huo ni legelege zaidi. Kinachozidisha uzito ni Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia. Mwaka 1997 mambo yote mawili yalikutana na mvua zikawa za kihistoria. El Niño ya 2015/16 ilikuwa na nguvu sana Pasifiki, lakini huku haikuleta mvua za kiwango hicho.

7. Inakuwaje mkoa mkame upate mafuriko?

Kwa sababu ya ukame wenyewe. Udongo ulioachwa wazi miezi saba hujenga gamba juu. Matone makubwa ya mvua ya kwanza hulipiga gamba hilo na kuziba vitundu vilivyobaki, na maji yanateleza kama juu ya saruji. Reli kati ya Gulwe na Kilosa imeharibiwa na maji mara nyingi, ilhali sehemu ya maji yanayoishambulia huanguka kwenye vilima vikavu vya Dodoma.

Korongo kavu ni njia ya maji hata kama halijapitisha tone kwa miaka mitano. Usijenge ndani yake, wala usilaze mifugo humo Desemba. Maji huweza kufika wakati juu yako hakuna wingu, kwa kuwa yamenyesha kilomita 20 juu ya mto.

8. Mvua ya kwanza imenyesha. Nipande?

Chukua jembe, chimba sehemu tatu za shamba. Kama unyevu umeshuka sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi, panda. Ukikuta vumbi kwenye sentimita 12, subiri. Mvua ya aina hiyo huotesha mbegu kisha ikaziua, na gharama ya mbegu inaanza upya.

Wapo wanaopanda kabla ya mvua, kwenye udongo mkavu, ile tunayoiita *kitang'ang'a*. Si ujinga. Udongo uliokauka sana ukilowa kwa mara ya kwanza huachia naitrojeni nyingi kwa siku chache, na mche uliokwisha kuwepo ndio unaoifaidi. Pia hukupunguzia msongamano wa kazi. Hatari yake ni mvua ya uongo, sisimizi na ndege. Kwa hiyo usiweke zaidi ya theluthi moja ya shamba, tumia mtama au uwele tu, na fukia mtama sentimita 5 ili manyunyu yasiuamshe. Uwele ni mdogo, usizidi sentimita 3. Mahindi na karanga usizifanyie hivyo.

## Shambani

9. Kwa nini tunasukumwa kulima mtama wakati watoto wanataka sembe?

Kwa sababu ya Februari. Katikati ya msimu, Dodoma mara nyingi hupita wiki mbili au zaidi bila mvua, na wakati huo mahindi mengi yanatoa mbelewele. Hindi likikosa maji siku chache tu kabla na baada ya kutoa nywele, chavua inakufa au nywele zinachelewa, na gunzi linakuwa na mapengo. Hakuna mvua ya Machi itakayojaza mapengo hayo. Mtama ukizidiwa unakunja majani na kusimama; mvua ikirudi unaendelea.

Mbegu fupi kama Macia hukomaa kwa siku 105 hadi 115 na nafaka yake ni nyeupe. Nafasi inayofaa ni sentimita 75 kwa 30, miche miwili kwa shina, takriban kilo 4 za mbegu kwa ekari. Punguza miche wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, ardhi ikiwa na unyevu. Kosa linaloonekana kila mwaka ni huruma: mkulima anaacha miche mitano shimoni, yote inakunywa, hakuna inayobeba suke la maana.

Kuhusu watoto, mtama mweupe uliokobolewa na kuchanganywa na mahindi nusu kwa nusu hutoa ugali ambao wengi hawaukatai, hasa ukiwa na mlenda. Mtama mwekundu una uchungu na ukakasi. Huo ndio uliowaharibia wengi hamu.

Ndege ndio tatizo lenyewe. Kwelea kwelea hupenda mtama mweupe kuliko mwekundu, na shamba moja lililokomaa peke yake ndilo huliwa lote. Kijiji kikipanda ndani ya wiki moja, hasara inagawanyika. Ulinzi ni wiki tatu, tangu nafaka ikiwa na maziwa hadi ikauke, alfajiri na jioni. Mkiona makundi yanalala kwenye matete au miiba karibu na maji, toeni taarifa kwa ofisa kilimo mapema, kabla hayajaingia mashambani.

10. Mashimo ya Chololo yanachimbwaje?

Yanaitwa hivyo kwa kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, yalikobuniwa. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, mstari hadi mstari 90. Udongo unaotolewa huwekwa upande wa chini wa mteremko kama kikingo cha mwezi mchanga. Weka kwanza konzi ya majivu chini, ambayo hufukuza mchwa, kisha samadi iliyooza kopo moja au mawili pamoja na mabua makavu, rudisha udongo kidogo, na *acha sentimita 10 za juu zikiwa wazi*.

Hiyo nafasi ya juu ndiyo kazi yote. Kila shimo linahudumia eneo la mita za mraba 0.54. Mvua ya milimita 20 inaangusha hapo lita 11 hivi, na shimo tupu lina ujazo wa takriban lita 11. Sehemu iliyo wazi inapokea karibu lita 4 kwa mkupuo mmoja. Kikingo na udongo uliolegezwa vinanyonya nyingi ya zilizobaki. Mtu akisawazisha shimo hadi juu, amejichosha bure.

Ekari moja inabeba mashimo 7,500. Hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo, na wanaoanza na ekari nzima huacha katikati. Anza na robo ekari: mashimo 1,875. Ukichimba 100 kwa siku, siku 19 zinatosha. Fanya Agosti hadi Oktoba. Msimu wa pili hayachimbwi upya, yanasafishwa na kuongezwa samadi.

Yanapoharibika, sababu huwa ni hizi: samadi mbichi iliyounguza miche, shimo kwenye mfinyanzi wa mbugani ambako maji yanatuama na mizizi inaoza, au mistari iliyofuata mteremko badala ya kuukata.

11. Kuberega kuna ubaya gani? Baba zetu wote walifanya hivyo.

Kuberega, yaani kufyeka, kukusanya, kuchoma na kupanda bila kulima, kuna faida moja isiyopingika: unapanda mapema na kwa nguvu kidogo. Kutolima kwenyewe si dhambi. Ubaya uko kwenye moto. Mabua yaliyochomwa yangekuwa mwavuli wa udongo dhidi ya matone ya kwanza, na gamba la jibu la 7 hukua pale pasipo na mwavuli.

Acha moto tu, mengine yabaki. Laza mabua kwenye mistari inayokata mteremko, na kama una jozi ya ng'ombe, pasua mistari ya kupandia kwa tindo lenye kina cha sentimita 20. Tatizo la kweli ni mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mavuno na kula mabua yote. Hilo mtu mmoja haliwezi. Linahitaji sheria ndogo ya kijiji.

12. Sumukuvu inahusiana vipi na ukame?

Kwa karibu sana. Kuvu anayetoa sumu hiyo hushambulia hindi na karanga zikiwa bado shambani, hasa mmea ulioungua na jua wakati wa kujaza punje. Punje inaingia ghalani ikiwa tayari na kuvu, unyevu unamalizia. Mwaka 2016 mlipuko katika Dodoma na Manyara uliua watu wapatao 20, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani.

Usianike ardhini, tumia turubai. Kupima unyevu bila mashine: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko viwili, jaza mahindi theluthi moja, funga, tikisa dakika mbili, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Lengo ni asilimia 13 au chini yake. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani au kijivu zitupwe, wala kuku wasipewe. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

## Maji ya nyumbani na ya mifugo

13. Paa langu linaweza kuvuna lita ngapi, na ninunue tangi la ukubwa gani?

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima urefu na upana wa nyumba chini, pamoja na mapaa yaliyotokeza, si mteremko wa bati. Nyumba ya mita 8 kwa 7 ni mita za mraba 56. Zidisha kwa 550, kisha kwa 0.8 kwa ajili ya yanayomwagika: unapata karibu lita 24,600 kwa mwaka.

Sasa angalia matumizi. Kuanzia Mei hadi mvua zirudi ni kama siku 200. Watu watano, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia, ni lita 25 kwa siku. Siku 200 ni lita 5,000 kamili. Tangi la lita 5,000 linatosha kwa kunywa na kupika tu. Likitumika kwa kuoga na kufulia, litaisha kabla ya Julai, na hapo ndipo watu husema uvunaji wa maji haufai. Maji ya chumvi ya kisima yatumike kufulia, ya bati yafungwe kwa kufuli.

Gata ziwe na mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita. Maji ya mwanzo yana vumbi na kinyesi cha ndege. Yamwage, nusu lita hadi lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa. Kwa paa hili ni lita 28 hadi 56. Bomba la inchi 4 lililosimama wima hubeba lita 8 kwa mita, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuweka pipa dogo linalojaa kwanza, lenye tundu la kupitisha maji polepole chini ili lijiondoe lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Mdomo wa tangi ufunikwe wavu wa mbu. Ya kunywa yachemshwe au yawekwe dawa.

Tangi lililojaa lina uzito wa tani 5. Lisiwekwe juu ya matofali manne. Jenga msingi wa mawe na zege lililo pana kuliko tangi, la sivyo udongo ukilowa unazama upande mmoja na tangi linapasuka siku lilipojaa.

14. Lambo letu linakauka Agosti. Tulipanue?

Msilipanue, lichimbeni chini. Jua na upepo wa Dodoma vinaweza kunyanyua karibu milimita 2,000 za maji kwa mwaka kutoka bwawa lililo wazi, zaidi ya mara tatu ya mvua inayonyesha. Lambo lenye kina cha mita 2 limekwisha kuhukumiwa hata kabla ya ng'ombe wa kwanza kunywa. Mita 4 zinabaki na kitu.

Mbele ya mlango wa maji chimbeni shimo la kunasa mchanga na lisafishwe kila Oktoba. Wekeni uzio, na maji yatolewe kwa bomba hadi kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo. Ng'ombe wakiingia majini, kwato zinabomoa kingo na lambo linajaa tope ndani ya miaka michache.

Penye mto wa mchanga, fikirieni kwanza ukuta mfupi unaonasa mchanga. Robo hivi ya ujazo wa mchanga mkubwa uliolowa ni maji yanayoweza kuchotwa, na yakiwa sentimita 60 chini ya uso jua haliyafikii.

Maji ya ardhini yana tabia nyingine. Visima vya Makutupora, vinavyolisha jiji, vina rekodi ndefu, na uchambuzi wa vipimo vya miaka 55 ulionyesha kwamba kina cha maji hushuka miaka mfululizo, kisha hupanda ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa. Misimu ya kawaida haifikishi maji chini kabisa. Kisima kikijaa baada ya mvua kubwa, maji hayo ni ya miaka kadhaa ijayo.

## Miti na moto wa jikoni

15. Kisiki hai ni nini, na kwa nini nisipande miche tu?

Mche wa mwaka mmoja unaingia kiangazi na mizizi ya nusu mita. Kisiki cha mgunga au mkole ulichokifyeka miaka kumi mfululizo kina mizizi ya mita kadhaa iliyokwisha fika kwenye unyevu. Kila mwaka kinachipua, na kila mwaka panga linakikata. Kisiki hai ni kuacha kukikata.

Chagua visiki 15 hadi 40 kwa ekari kwenye shamba lako, vyenye nafasi ya kupitisha jembe. Kila kisiki kibaki na machipukizi mawili au matatu, yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine yakate karibu na shina, kwa panga kali, ukikata kwenda juu ili gome lisichanike. Ondoa matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu. Funga kitambaa ili mchungaji na mkodishwaji wajue mti huo una mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi miwili au mitatu kuondoa machipukizi mapya; hizo ndizo kuni zako za mwanzo.

Mbuzi ndio mtihani. Zungushia miiba uliyokata mwaka wa kwanza. Miche ipande kwa ajili ya matunda na kivuli cha nyumbani, pale ndoo ya maji inapofika.

16. Kati ya gesi, mkaa na jiko banifu, kipi kinafaa?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mjini gesi inalipa, hasa kwa chai na vitoweo vya haraka. Kijijini mtungi ukiisha, wa kujaza uko mbali, na familia hurudi kwenye mafiga.

Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria kama asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Jiko banifu la udongo lililojengwa vizuri hupunguza kuni kwa theluthi hadi nusu. Vipimo vinavyokosewa sana: mlango uwe na upana wa kiganja tu, na kati ya sufuria na ukuta wa jiko libaki pengo la sentimita 1. Pengo la sentimita 4 ni mafiga yaliyojificha. Maharage yalowekwe usiku. Hapo unaokoa kuni zaidi.

Mkaa ndio ghali kwa msitu. Tanuru la kienyeji hula kilo 8 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa.

## Maswali ya watu wachache

17. Kuna watu wanasema nikipanda miti nitalipwa kwa ajili ya kaboni. Kweli?

Biashara hiyo ipo na ina kanuni tangu 2022. Miradi husajiliwa kupitia Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Manyara, hulipwa kwa kutunza msitu wa jamii. Angalia neno hilo: msitu wa jamii, maelfu ya hekta. Mwenye miti 60 peke yake hana cha kuuza, kwa sababu gharama za kupima zinazidi malipo.

Anayekutaka ulipe ada ya kujiunga, mkimbie. Anayekuja na mkataba, uliza namba ya usajili, miaka mingapi (mingi huwa 20 au zaidi), mgawo wa kijiji ni asilimia ngapi ya mauzo na si ya "faida", na nini kitatokea moto ukipita. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

18. Nina zabibu. Mambo haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa namna tofauti. Zabibu hupenda ukame. Kinachoziumiza ni mvua iliyokosa ratiba. Mavuno ya Februari na Machi yakikutana na mvua kubwa, punje zinapasuka na ubwiri unasambaa. Punguza majani yanayofunika vichala ili upepo upite, na panga kupogoa ukiwa na utabiri wa msimu mkononi, kwa kuwa tarehe ya kupogoa ndiyo inayoamua tarehe ya kuvuna.

19. Shamba nimekodi msimu mmoja. Kipi kati ya haya kinanifaa?

Mashimo ya Chololo hapana. Utamchimbia mwenye shamba. Tengeneza matuta yaliyofungwa: matuta yanayokata mteremko, mita 0.9 kutoka moja hadi jingine, na kila baada ya mita 2 weka kizuizi cha udongo katika mfereji. Kizuizi kiwe chini kuliko tuta kwa sentimita 5 hivi, ili mvua ikizidi maji yavuke mferejini badala ya kubomoa tuta. Mbegu fupi, kama ilivyoelezwa swali la 9.

Kisiki hai kinawezekana, ila kubaliana na mwenye shamba kabla ya kufunga kitambaa, ikiwezekana mbele ya balozi: nani atachukua kuni, na mti ukibaki ni wa nani. Muulize pia kama ataingiza mifugo baada ya mavuno. Akisema ndiyo, omba punguzo la kodi, kwa sababu mabua yako ndiyo malisho yake.